Maji Niliyokataza Yasichemshwe

Manka mwanangu,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua ianze kwa kumjulia mtu hali. Ya kwako naijua. Umepita hapa dukani sasa hivi, umeninyang'anya kipande cha muhogo mkononi, umesema, "Baba, naenda Msimbazi kumuaga shangazi, saa kumi na mbili nimerudi," ukapotea kwenye watu. Afya unayo, na njaa unayo. Salamu nimeziruka.

Naruka na mengine. Habari za sweta, za pasipoti kukaa mfuko wa ndani, za kutokula vyakula vya njiani, mama yako amekuimbia wiki nzima mpaka majirani wamezikariri. Mimi sina cha kuongeza hapo. Nilichonacho ni kitu kimoja, na nimekaa nacho miaka saba. Nimefunga ubao mmoja wa mlango wa duka, nimegeuza boksi la viungio vya mabomba kuwa meza, na wateja wanaochungulia wanadhani naandika oda. Acha wadhani.

Unaikumbuka siku uliyotusomea fomu yako ya chuo? Ulisimama katikati ya sebule ukasoma kwa sauti: "Nataka kusomea mitambo ya kusafisha maji ya bahari kwa sababu baba yangu alikuwa fundi wa mtambo kama huo, na ndiye aliyenifundisha kuyaheshimu maji." Mama yako alifuta machozi kwa kanga. Mimi nilisema kuna bomba linavuja uani, nikatoka. Hakukuwa na bomba lililovuja. Nilikwenda kusimama bafuni nimeshika ukuta, mpaka mama yako akaniita nije kula.

Nitakuambia sasa kabla woga haujanirudia. Godi, mdogo wako, hakuuawa na juisi ya Mama Shomari. Aliuawa na maji yangu. Nimelijua hilo tangu wiki aliyokufa, nikanyamaza. Kesho asubuhi unapanda ndege kwenda India kujifunza kazi ya baba yako, na baba unayemfuata hayupo. Ukitaka kuiacha barua hapa, iache. Lakini ningependa ujue ilivyokuwa, kwa sababu kazi unayokwenda kuisomea ndiyo iliyonishinda, na haikunishinda kwa kukosa akili.

Ulikuwa bado mdogo kiwanda cha nguo cha serikali kilipotufungia geti. Mitumba na vitenge vya nje vilikuwa vimejaa Kariakoo, nani tena angenunua vitambaa vyetu? Nilikuwa fundi wa boila pale, najua moto na najua maji, na ghafla nikajikuta najua vitu ambavyo hakuna mtu anayevihitaji. Nilizunguka miezi mingi. Jioni nilirudi nyumbani nikiwa na magazeti chini ya kwapa ili mwone baba katoka kwenye shughuli. Ndipo Bwana Jayanti akanichukua. Yeye na kaka zake walikuwa na kiwanda cha barafu kule Kivukoni, jirani na soko la samaki, na maji ya bomba yaliwafikia kwa kusuasua. Kwa kuwa biashara ilishakuwa ruksa na mwenye uwezo aliagiza mashine popote alipotaka, wakaagiza mtambo wa kutoa chumvi kwenye maji ya bahari. Kwanza kwa ajili ya barafu, halafu maji ya kunywa yaliyouzwa kwa madumu.

Watu waliokuja kuutazama walishangaa ile mashine kubwa ya kutoa chumvi, iliyonguruma mpaka sakafu ikatetemeka. Wewe utafundishwa vizuri kuliko mimi, ila nikueleze kama alivyonieleza mhandisi mgeni aliyekuja kuufunga. Mashine ile haitaki uchafu hata kidogo. Ukiipa maji ya bahari kama yalivyo, na tope lake, na mafuta ya meli, na vijidudu visivyoonekana, inaziba na kufa kabla ya wakati wake. Kwa hiyo kabla yake kulikuwa na filta: mitungi mitatu mirefu imesimama ukutani, kila mmoja umejaa maelfu ya mirija myembamba kama tambi. Uchafu ulibaki nje ya mirija, maji masafi yakapenya kwenye kuta zake na kuingia ndani. Vitundu vya kuta hizo huwezi kuviona kwa jicho. Kila baada ya muda maji yalisukumwa kinyumenyume ili uchafu ung'oke, na hiyo kazi mtambo ulijifanyia wenyewe.

Yangu ilikuwa kupima mapovu. Kila siku asubuhi unauzima mtungi, unausukumia hewa, unatazama kwenye kipande cha bomba la kioo kilicho juu yake. Maji yakitulia, mirija ni mizima. Mapovu yakipanda, kuna mrija umekatika, na penye mrija uliokatika kila kitu kinapita. Unaufungua mtungi, unautafuta mrija wenyewe katikati ya wenzake, unauziba kwa pini. Kisha unaandika kwenye daftari la zamu: mtungi wa kwanza salama, wa pili salama, wa tatu salama. Ilichukua kama saa mbili kwa mitungi yote. Inachosha, na siku nyingi huoni kitu chochote.

Saa mbili hizo ndizo zilizojenga duka hili. Kila mtu mjini wakati ule alikuwa na mradi. Mwalimu alikuwa na maandazi, nesi alikuwa na kuku, karani alitundika koti lake kwenye kiti cha ofisi ili bosi ajue yupo, akaenda zake kuuza mchele. Tulichekeana kwa hilo, tukaliona ni ujanja wa kuishi. Mimi nilikodi kibaraza hiki, nikaweka koki na viungio na vipande vya mabomba, na wateja wangu wazuri, mafundi, walikuja asubuhi, saa zile zile za kupima mapovu. Mwanzoni nilipima leo nikaruka kesho. Baadaye nikawa napima Jumatatu tu. Mwishowe nikawa naandika "salama" ya wiki nzima kwa mkupuo mmoja, kwa kalamu mbili tofauti ili isionekane imeandikwa siku moja. Nilikuwa hodari kwa hilo. Bwana Jayanti aliwahi kuwaonyesha kaka zake daftari langu kama mfano wa usafi.

Usije ukamtupia yeye lawama. Ni rahisi, na watu wa mtaani kwetu wangependa kusikia hivyo, kwamba Mhindi alibana mafuta ya jenereta au aliniamuru niendelee. Hakuniamuru. Aliniambia zaidi ya mara moja, "Fundi, filta ikikusumbua, zima mtambo. Wateja niachie mimi." Alimaanisha. Sikuuzima kwa sababu kuzima kungeleta maswali, na maswali yangemfikisha kwenye daftari.

Sasa twende nyumbani. Kila mfanyakazi aliruhusiwa dumu moja la maji kwa siku. Siku ya kwanza nilipolileta, mama yako alilimimina kwenye sufuria na kuliweka jikoni, maana kwao Marangu kalelewa hivyo, maji yanachemshwa hata yakitoka mbinguni.

"Unachemsha nini?" nikamuuliza.

"Maji."

"Haya siyo ya bomba. Haya yamepita kwenye vitundu ambavyo hata kijidudu hakipenyi. Ukiyachemsha unanitukana."

"Baba Manka, maji ni maji."

Niliitoa sufuria motoni mbele yenu kwa mikono mitupu, nikaungua vidole, nikajifanya sijaungua. Godi alicheka sana. Alikuwa na miaka mitano. Tangu siku hiyo mkayaita "maji ya baba", na maji ya baba hayakuchemshwa tena. Nilipenda jina hilo, Manka, siwezi kukuficha. Baada ya miezi yote ile ya magazeti chini ya kwapa, nilikuwa mtu anayeleta nyumbani kitu ambacho jirani hana.

Kuna jambo ambalo mama yako hakulijua, na wateja hawakulijua. Maji yaliyotolewa chumvi yote hayana ladha, unakuwa kama unalamba bati. Kwa hiyo tuliyachanganya na maji kidogo ya kisima cha pale pale kiwandani, na hayo ya kisima hayakupita kwenye mashine ya chumvi. Yalipita kwenye mtungi wa tatu wa filta, basi. Dawa ya klorini tulitia kiduchu, kwa kuwa wateja walikuja kwetu kukimbia harufu yake. Yaani usalama wote wa madumu yale ulikuwa kwenye mirija ya mtungi mmoja, na huo mtungi mimi nilikuwa nauandikia "salama" nikiwa Kariakoo nauza koki.

Mvua za mwaka ule unazikumbuka. Vyoo vilifurika, mto wa Msimbazi ukaingia vyumbani mwa watu, na kipindupindu kikaja nyuma yake. Kiwandani nako geji ya presha ya mashine ya chumvi ilianza kupanda, leo kidogo, kesho kidogo. Maana yake mashine ilikuwa inaziba, na kama inaziba basi filta zilikuwa zinapitisha. Fundi yeyote angeshika mitungi yote mitatu siku hiyo hiyo. Mimi niliongeza nguvu ya pampu, nikatazama saa, nikaja dukani.

Shule yenu ndogo, ile aliyosoma Godi, ilifungwa kwa sababu ya mafuriko. Siku ya Alhamisi nikaja naye hapa. Dumu la siku hiyo nililileta dukani pia, ninyi nyumbani mlikuwa mkitumia la jana yake. Mama Shomari alikuwa amekaa ng'ambo ya njia na ndoo yake ya juisi ya ukwaju, kama kila siku. Godi akaniambia, "Baba, ninunulie ukwaju." Nikamjibu kwamba siku hizi kuna ugonjwa, juisi za barabarani hapana, anywe maji ya baba. Alikunywa vikombe viwili. Mchana akanywa tena. Ile sarafu aliyopewa na shangazi, ambayo mama yako hakuikuta mfukoni mwake, aliinunulia karanga mbele ya macho yangu. Mimi nilikunywa chai ya mama lishe mchana kutwa.

Ijumaa alianza kuharisha. Jumamosi saa nane mchana alikufa pale kwenye kambi ya kipindupindu, mkononi mwa nesi ambaye hatukumjua jina. Mengine unayajua. Hatukuruhusiwa kumpeleka Moshi. Watu wa afya walimzika wenyewe huku mjini, wamevaa mabuti, na mama yako hadi leo hajamwandikia mama yake barua ya kueleza kwa nini mjukuu hakulala kihambani, kwenye shamba la ukoo, na wenzake.

Jumatatu asubuhi, badala ya kukaa na waombolezaji, nilikwenda Kivukoni kupima mapovu. Mtungi wa kwanza na wa pili ilikuwa na mapovu machache. Wa tatu ulichemka. Nilizima hewa, nikaiwasha tena, ukachemka vile vile. Nikaufungua, nikaanza kuziba mrija mmoja mmoja, pini zikaniishia, nikakatakata waya. Nilikuwa nalia na mikono inafanya kazi. Nilipomaliza nilichukua daftari, nikaandika "salama". Sijui niliandika kwa nini. Nadhani mkono ulikuwa umezoea.

Niliporudi huku dukani nikakuta watu wamejaa njiani. Mama yako alikuwa amemshika Mama Shomari kwenye kola ya gauni. Ndoo ilikuwa imemwagwa.

"Umeniulia mtoto! Juisi yako imeniulia mtoto!"

"Mama Manka, wallahi, mwanao hakunywa kwangu."

"Hela yake iko wapi? Iko wapi kama siyo kwako?"

Mama yako akampiga kofi, akampiga la pili. Nawe ulitoka nyuma ya watu, msichana wa miaka kumi na miwili, ukamtemea mate kwenye kanga yake. Nilikuona. Mama Shomari hakukutazama wewe wala mama yako. Alinitazama mimi.

"Baba Manka, wewe si ulikuwepo? Siku ile si ulikuwa hapo mlangoni na mtoto? Waambie basi."

Watu wote wakageuka. Nilikuwa bado na harufu ya mtambo mikononi. Nikasema, "Mimi sikuona."

Ni maneno mawili. Alhamisi ile nilikuwa mzembe, na uzembe unaweza kumpata mtu. Jumatatu sikuwa mzembe. Jumatatu nilijua kila kitu, nikamtazama Mama Shomari, mjane wa watu, usoni nikamwacha. Wiki hiyo hiyo walimvunjia meza yake, mgambo wakamfukuza pale kwenye kona, akahama. Kila ulipokuwa ukisema jina lake kwa chuki mezani kule nyumbani, nilikuwa naomba mtu anipitishie chumvi.

Mate yale usiyabebe kwenda nayo. Ulimtemea kwa sababu ulimpenda ndugu yako na kwa sababu baba yako alisimama pale akanyamaza. Hayo ni yangu, na nayaandika kwa mkono wangu ili kusiwe na ubishi.

Kama maji yale yaliua watu wengine sijui. Madumu yalikwenda nyumba nyingi. Sikuuliza, na mtu asiyeuliza hajibiwi. Niliacha kazi kabla mwaka haujaisha, nikasema duka limekua. Bwana Jayanti alinipa mkono na saa ya ukutani, hii inayogonga hapa juu yangu. Baadaye walibadili biashara, mtambo ukauzwa, filta zikatupwa nyuma ya ghala.

Utakutana na mitungi mingi huko uendako, mizuri kuliko ile. Watakufundisha vipimo ambavyo mimi hata sivijui. Sina wasiwasi na kichwa chako. Nina wasiwasi na ile asubuhi ya kawaida, umeshapima siku mia hujaona kitu, una jambo lako zuri la haki linalokungoja mahali, na kalamu iko mkononi. Mimi hakuna mtu aliyenishawishi siku hiyo. Sikusikia sauti yoyote ndani yangu ikinionya, kama watu wanavyosimulia kanisani. Niliona tu foleni ya wateja. Na ukishakosea, maana utakosea, sema siku hiyo hiyo, wakati bado ni kosa tu. Mimi lilinikaa, likawa mtu mwingine ndani ya nyumba.

Na mtu wa kwako akitaka kuyachemsha maji yako, mwache ayachemshe.

Sikuombi unisamehe. Ukirudi saa kumi na mbili utanikuta hapa, na ukipita moja kwa moja bila kunisemesha nitaelewa. Kesho uwanja wa ndege nitakuja. Ukisema nisije, sitakuja.

Nilikuwa nimeshaikunja barua hapo juu. Kisha nikaona siyo haki uisome wewe kwanza, na aliyemzaa Godi asijue. Mama yako ameleta chai, nikampa. Ameisoma amesimama, ameegemea rafu ya koki, polepole, anarudi nyuma, anaendelea. Chai imepoa. Nilitegemea atapiga kelele.

Amesema, "Uliniacha nimpige."

Nikasema ndiyo.

"Anakaa wapi siku hizi?"

"Sijui."

"Miaka saba hujauliza?"

"Sijauliza."

Ameirudisha barua juu ya boksi, amejifunga kanga, ametoka. Nimetaka kumfuata akanionyesha kiganja, nibaki. Kwa hiyo namsikiliza kutoka hapa ninavyoandika, anapita kibanda hadi kibanda akiuliza nani anajua alikohamia Mama Shomari wa ukwaju. Wengi hawamkumbuki. Sasa yuko kwa yule mzee wa vitunguu hapo pembeni, na mzee anasikia kwa shida, wanaongea kwa sauti.

"Mama Shomari yupi?" mzee anauliza. "Yule aliyemuua mwanao?"

"Hapana, babu," mama yako amesema. "Huyo yuko dukani."

Baba yako